Mstari uishie pale aya inapoishia

  

Wiki hii, ndugu msomaji, tunaanza na kosa letu wenyewe. Hatungelitangaza gazetini lau lingekuwa limekwisha, lakini halijesha: baadhi ya wasomaji wa safu hii, wa hapa Gando na vijiji vya jirani mpaka Wete, wanalo majumbani mwao bila ya kujua.

Kabla ya Ramadhani iliyopita kamati ya msikiti wetu ilipokea ombi kutoka darsa la akina mama. Walitaka kijitabu cha Sura Yasin, Kiarabu upande wa kulia na tafsiri ya Kiswahili upande wa kushoto, kila aya ikikabiliana na tafsiri yake, kwa herufi kubwa zinazosomeka na wazee. Misahafu yenye tafsiri ipo, lakini ni mizito mikononi mwa bibi wa miaka sabini, na maandishi yake ni madogo. Kazi tulipewa sisi, kwa kuwa ndio sisi tunaoshika daftari na kompyuta ya kamati.

Maandishi tuliyachukua pale wanapoyachukua wengi, katika mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007 kwa lengo la kutoa matini ya Qur'ani iliyohakikiwa kwa matumizi ya kompyuta. Sharti lake kubwa ni moja: nakili na usambaze, lakini usibadilishe. Humo imo pia tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani wa Zanzibar. Yote mawili hupatikana kwa sura ya maandishi matupu, yasiyo rangi wala mapambo, na kanuni yake ni nyepesi: mstari mmoja, aya moja. Aya 6236 kwa hesabu ya Kufa ni mistari 6236. Ayatul Kursiy ni aya ya 255 ya Suratul Baqara. Ongeza aya 7 za Fatiha, utaikuta katika mstari wa 262, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili vile vile. Yasin inaanza mstari wa 3706 na inaishia mstari wa 3788. Mtu hahitaji zaidi ya hapo ili kuikutanisha aya na tafsiri yake, maadamu mistari imebaki kama ilivyokuja.

Tukakata mistari 83 ya Yasin kutoka kila faili. Kiarabu kilibaki katika kompyuta ya kamati. Kiswahili tulikipeleka kwa fleshi kwenye kompyuta nyengine, kongwe kidogo, ambako kijana aliyekuwa akitusaidia alilifungua faili, akalipitia kwa macho, akalihifadhi, akaturejeshea. Hakugusa neno hata moja, na hilo tunalishuhudia mpaka leo. Lakini programu aliyolifungulia ilikuwa imewekewa kikomo cha urefu wa mstari. Kila mstari uliovuka kikomo iliukata, na pale ilipoukata ikatia alama ya mwisho wa mstari, bila ya kuuliza na bila ya kueleza. Katika Yasin nzima ni mstari mmoja tu uliovuka: tafsiri ya aya ya 47, iliyo ndefu kuliko aya zote za sura hiyo.

Mkia wa tafsiri ya aya ya 47 ukashuka, ukakaa mbele ya aya ya 48. Tafsiri ya aya ya 48 ikakaa mbele ya aya ya 49, na hivyo hivyo kwenda chini, kila tafsiri ikihama chumba kimoja. Jedwali letu lilikuwa na vyumba 83. Mstari wa 84, ambao ndio tafsiri ya aya ya mwisho, haukuwa na chumba, ukabaki nje. Tulipohesabu tukakuta 83 kulia na 83 kushoto, tukafurahi. Tukaenda Wete tukatoa nakala 60.

Aliyeligundua kosa ni bibi mmoja aliyehifadhi Yasin chuoni tangu utotoni, na ambaye Kiarabu amekiokota kidogo kidogo kwa kukaa darsani miaka mingi. Alitusubiri barazani baada ya Alasiri, kijitabu mkononi, kidole katikati ya kurasa.

"Katibu mwanangu," akasema, "hawa wanaoambiwa wajitenge, ndio hawa wanaopewa salamu?"

Hatukumfahamu. Akafungua. Msomaji mwenye msahafu aufungue naye: aya ya 58 inataja salamu ya Mola Mlezi kwa watu wa Peponi, na aya ya 59 ni amri kwa wakosefu wajitenge siku hiyo. Katika kijitabu chetu, mbele ya Kiarabu cha amri ile kwa wakosefu, tulikuwa tumeandika tafsiri ya salamu ya watu wa Peponi. Na mbele ya Kiarabu cha salamu ilikuwepo tafsiri ya aya ya 57, inayotaja matunda. Mwisho wa sura, maneno ya kuwa kwake Yeye mtarejeshwa hayakuwemo kabisa kwa Kiswahili.

"Bibi, tumekosea," tulimwambia.

"Nimeona," alijibu. "Lakini maneno yote ni sawa. Ndiyo maana nimekaa siku tatu nikidhani ni macho yangu."

Jawabu hilo lilitukaa moyoni, maana ndani yake mlikuwa na tatizo zima. Hakuna neno lililopotoshwa. Ukiuchukua ukurasa ule ukausoma upande wa kushoto peke yake, tafsiri ni sahihi. Ukisoma wa kulia peke yake, Kiarabu ni sahihi. Kilichoharibika ni kitu kisichosomeka: mwisho wa mstari.

Sasa tueleze kidogo mwisho wa mstari ni nini, kwani wengi wetu tunadhani ni uwazi tu unaobaki ukingoni. Katika kompyuta na katika simu kuna mistari ya namna mbili. Kuna mstari wa macho: maneno yamefika ukingoni mwa kioo, yakashuka chini. Ulaze ubavu mkono wako wenye simu, utaona maneno yanajipanga upya. Hapana kilichobadilika ndani ya faili. Na kuna mstari wa kweli, unaoishia kwa alama iliyoandikwa ndani ya faili kama inavyoandikwa herufi, ila alama hiyo haionekani. Programu iliyotuponza ilichukua mkunjo wa macho ikaufanya mwisho wa kweli.

Alama yenyewe ina historia, na historia hiyo ndiyo iliyoleta mgawanyiko. Wazee waliotumia mashine ya taipu wanakumbuka kuwa mwisho wa mstari huwa na vitendo viwili: kurudisha roli ya karatasi mwanzo, kisha kuisogeza karatasi juu ili upatikane mstari mpya. Mwaka 1901 Donald Murray, mtu wa New Zealand, alipotengeneza msimbo wa kupelekeana maandishi kwa waya, kila kitendo alikipa alama yake. Mwaka 1963 Wamarekani walipoweka msimbo wao wa herufi za kompyuta, ule uitwao ASCII, alama hizo zikapewa nambari: 13 kwa kurudi mwanzo, 10 kwa kushuka chini. Baadaye kila ukoo ukashika njia yake. Mfumo wa Unix, na Linux iliyofuata nyayo zake, ukatosheka na 10 peke yake. Simu za Android zimo humo. DOS na Windows zikashika zote mbili, 13 kisha 10. Macintosh za zamani zikatumia 13 peke yake, mpaka mfumo wao ulipobadilishwa mwaka 2001 na kuhamia 10.

Basi faili linalotoka ukoo mmoja kwenda mwengine huingia ugenini. Kwa miaka mingi Notepad ya Windows haikuitambua alama ya 10 ikiwa peke yake. Ukifungua humo faili lililotoka Linux, mistari yote ilionekana imeshikana mmoja, kama kamba isiyo fundo. Microsoft walilirekebisha hilo mwaka 2018. Lakini kompyuta kongwe bado zipo maofisini, skuli na misikitini, na mtu akiona mistari imeshikana hufanya linalomjia kwanza: hukaa akaikata kwa mkono, mmoja mmoja, kwa kukisia. Tumemuona anayefanya hivyo kwa orodha ya michango ya mazishi, na jina la mtu likalala kwenye mchango wa jirani yake. Ugomvi wa elfu tano ulichukua wiki mbili.

Programu nyingi hufanya uhamishaji huu kwa siri. Hulisoma faili, huzigeuza alama zote za mwisho kuwa za namna moja ili zifanye kazi kwa urahisi, na wakati wa kuhifadhi huandika zile za ukoo wa kompyuta ilipo, wala si zile lilizokuja nazo faili. Mtu amesahihisha herufi moja tu, kumbe amebadilisha mistari yote. Ukilinganisha faili lake na la asili kwa programu ya kulinganisha, utaambiwa mistari 6236 yote ni tofauti, na ile herufi moja iliyosahihishwa, au iliyokosewa, haionekani tena katika msitu huo. Hapa ndipo tunapoona kuwa jambo hili linaigusa Qur'ani kuliko linavyoigusa orodha ya michango. Faili lililohakikiwa linakaguliwa kwa kulinganishwa na asili yake, baiti kwa baiti. Kubadilisha 10 kuwa 13 na 10 hakubadilishi neno la Mwenyezi Mungu, na hatusemi hivyo. Lakini kunazima taa tunayotumia kuangalia kama neno limebadilika.

Watu wa fani ya kuandika programu wanalijua hili, na wenye uangalifu wana adabu yao. Programu njema hutazama kwanza faili limekuja na alama gani, na inapoliandika upya hulirejeshea zile zile. Ikikuta faili lenye mchanganyiko, baadhi ya mistari hivi na baadhi vile, huuacha kila mmoja na wake, isipokuwa mwenyewe akiomba wasawazishwe. Ikikuta mstari wa mwisho kabisa hauna alama, haiuongezei. Ni adabu ya mgeni aliyeazimwa chombo: hukirudisha kama alivyokichukua.

Vijana wetu wanaosoma kompyuta tunawapa jaribio jepesi la kuipima programu yoyote kabla ya kuiamini. Andika ukubwa wa faili kwa baiti. Lifungue, usiguse kitu, lihifadhi, kisha tazama ukubwa tena. Faili la mistari 83 likiongezeka baiti 83 kamili, umeshajua: kila 10 imetiliwa 13 yake. Likipungua 83, zimeondolewa. Likiongezeka moja tu, kuna alama moja imetiwa mahali, nawe uende ukaitafute. Letu sisi, tulipolirejea baadaye na kulipima, ndivyo lilivyokuwa: moja tu. Kwa hakika makosa ya 83 ni afadhali, kwani hujitangaza.

Tunajua atakuwepo wa kuuliza: mbona msahafu wa karatasi haupatwi na haya? Msahafu wa Madina, kwa hati ya Uthman Taha, una kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa, na kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Mistari yake ya kati haiishii kwenye aya; inaishia ukingoni, na aya ina alama yake yenyewe yenye nambari. Mwandishi ameshavitenganisha vitu viwili. Ndiyo maana hafidh wa Gando na hafidh wa Muscat, wakiwa wamehifadhi kwa msahafu huo, wote wawili wanajua aya fulani iko juu kulia au chini kushoto, na mistari ile ikipangwa upya katika simu aya hazipotei, ingawa hafidh mwenyewe huenda akababaika. Faili la maandishi matupu halina utajiri huo. Mwisho wa mstari ndio alama pekee ya mwisho wa aya. Ukiuhamisha, umehamisha alama ya aya.

Na mwisho wa aya wanazuoni hawakuuchukulia wepesi. Ipo fani nzima ya kuhesabu aya, na Abu Amr al-Dani wa Andalusi, aliyefariki mwaka 444 Hijria, aliitungia kitabu. Yasin yenyewe ni mfano mzuri. Hesabu ya Kufa, ambayo ndiyo ya misahafu yetu, huzihesabu herufi mbili za mwanzo, Yaa na Siin, kuwa ni aya inayojitegemea. Hesabu nyengine haziihesabu, na kwao sura ina aya 82. Herufi za sura ni zile zile. Ila mtu akichukua faili la Kiarabu lililopangwa kwa hesabu ya Madina, wanayoifuata wenye misahafu ya Warsh, akalikabilisha na tafsiri iliyopangwa kwa hesabu ya Kufa, atapata kosa letu lile lile, tena kuanzia aya ya kwanza.

Hapa tunaomba ruhusa ya kutoka nje ya njia kidogo, kwani sisi ni watu wa Pemba na mashairi hayatupiti. Zimo hati za zamani za tenzi, kwa herufi za Kiarabu, ambamo ubeti mzima umeandikwa mstari mmoja na vipande vyake vinne vimetenganishwa kwa vialama vidogo. Waliozigeuza kwa herufi za Kirumi walikata mstari kila kipande kilipoishia, na mara nyingi hawakukosea, kwa sababu utenzi unabeba mwisho wake ndani yake: mizani minane, kina, kisha kina cha bahari mwishoni. Shairi nalo lina ulinzi kama huo. Hata mashairi ya Kamange na Sarahani wa kisiwani kwetu, yaliyochapishwa kitabuni mwaka 2011, lau yangeshikana yote mstari mmoja, mjuzi angeweza kuyafungua kwa sikio. Tafsiri ya Qur'ani haina mizani ya kumwongoza asiyejua. Ikishahama, imehama.

Tulipoirudia kazi tulibadilisha jambo moja. Mradi ule ule hutoa pia faili ambalo kila mstari umetanguliwa na nambari ya sura na nambari ya aya: 36, kisha 58, kisha maneno. Ni refu na halipendezi, na mwanzo tulilikataa kwa ajili hiyo. Lakini mstari wake ukikatwa, mkia unabaki bila ya nambari na unaonekana mara moja. Kiarabu na Kiswahili sasa tunavikutanisha kwa nambari, hatuvikutanishi kwa kuhesabu kwenda chini, na nambari tunaziondoa mwisho wa kazi, baada ya watu wawili kusoma, mmoja akisoma aya na mwengine tafsiri yake. Msomaji wa pili ni yule bibi. Alikubali kwa sharti kuwa herufi ziongezwe ukubwa tena.

Wazazi wanaowapa watoto kazi ya kunakili nyiradi, dua au tafsiri kutoka simu kwenda kompyuta, nao wafanye hivyo: wakutanishe kwa nambari, na wasome aya tatu za mwisho kabla ya zile za mwanzo. Kosa la namna hii huanza katikati na hukua chini, na sisi tulisoma ukurasa wa kwanza peke yake tukaridhika.

Katika nakala 60 tulizozitoa, 53 zimeturudia. Hatukuzichoma wala kuzitupa: upande wa Kiarabu ni Yasin kamili, basi tumezikata katikati, tumefunika ubavu wa Kiswahili kwa karatasi mpya yenye tafsiri iliyopangwa sawa, na watoto wa madrasa wanazitumia. Saba bado ziko nje. Tunasikia moja ilikwenda Mtambwe na nyengine ilipanda boti kwenda Unguja pamoja na mwenyewe. Jalada la nakala hizo ni la kijani kibichi, halina jina la msikiti, na dalili yake ni hii: fungua aya ya 59, ikiwa Kiswahili kilicho mbele yake kinaanza na salamu, ndicho chenyewe. Tafadhali kilete msikitini baada ya sala yoyote, au mpe anayekuja Gando. Utapewa kipya hapo hapo, chenye jalada jeupe.